Neno "Kidnap" na Mtego wa Tafsiri

Neno la Kiingereza "kidnap" lilizuka katika lugha ya wahalifu wa Uingereza ya karne ya 17: "kid", mwana-mbuzi, kwa maana ya mtoto, na "nap", kunyakua. Walionyakuliwa, watoto kwa watu wazima, waliuzwa wakatumike katika mashamba ya makoloni ya Amerika. Hawakutekwa ili wakombolewe kwa fidia. Wao wenyewe ndio waliokuwa bidhaa. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika "Kidnapped" (1886), riwaya ya R. L. Stevenson, ambamo ami anapatana na nahodha ili David Balfour akauzwe Carolina. Kiswahili husema kuteka nyara, na nyara ni mali ipatikanayo vitani. Mfasiri anayeridhika na istilahi hiyo humwondoa David sokoni akampeleka vitani, na biashara ya ami ikafichika.