Kijiji cha Phulera na vijiji vyetu: jinsi ya kutazama Panchayat kwa halali

Hapa Voi, kama ilivyo Mombasa na Malindi, ukitaka tamthilia nzima huhitaji kusumbuka. Unampa kijana wa duka la filamu flashi yako na shilingi chache, unakwenda sokoni, ukirudi imejaa. Panchayat nami niliipata hivyo. Sehemu ya tano ilikatika katikati, ya saba haikuwamo kabisa, na maandishi ya tafsiri yalikuwa ya filamu nyingine. Nikalalamika nyumbani. Binti yangu akaniuliza, "Baba, waliocheza humo wamepata ngapi katika hizo pesa ulizolipa?" Sikuwa na jibu. Makala haya yametokana na swali hilo.

Panchayat ni tamthilia ya vichekesho ya Kihindi iliyotengenezwa na kampuni ya TVF na kuanza kuonyeshwa Prime Video tarehe 3 Aprili 2020. Kufikia mwaka 2025 misimu minne ilikuwa imetoka: 2020, 2022, 2024 na 2025, kila mmoja una sehemu nane. Mwongozaji ni Deepak Kumar Mishra na mwandishi ni Chandan Kumar. Mwaka 2023 msimu wa pili ulipewa tuzo ya tamthilia bora ya mtandaoni katika tamasha la kimataifa la filamu la India, kule Goa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Abhishek, kijana wa mjini aliyesomea uhandisi, anakosa kazi nzuri na kuishia kuwa karani wa baraza la kijiji cha Phulera, wilaya ya Ballia, kwa mshahara wa rupia 20,000 kwa mwezi. Anaishi chumba kimoja na ofisi. Siku anayofika, mlango umefungwa na ufunguo umepotea. Baadaye kijiji kinapata taa za sola, na kikao kizima kinagombania zifungwe mlangoni kwa nani. Hakuna bunduki wala gari linalolipuka. Ni watu, maneno yao na mambo madogo ya serikali ndogo.

Mtu wa Taita Taveta hahitaji kufafanuliwa hayo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja msimamizi wa kijiji na baraza la wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano. Anayekaa Kasigau, Sagalla au Mgange anajua kikao cha bomba la maji kinavyogeuka kuwa kikao cha nani alimtukana nani kwenye matanga. Nilipokuwa nikitazama taa za Phulera, nilikuwa nikiwaona watu ninaowajua.

Utani mkubwa zaidi una uchungu ndani yake. Mwenyekiti wa kijiji kwa karatasi ni Manju Devi, anayechezwa na Neena Gupta, lakini anayefanya kazi ni mumewe, anayechezwa na Raghubir Yadav. Marekebisho ya 73 ya Katiba ya India, yaliyoanza kutumika Aprili 1993, yalitenga angalau thuluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Waume wengi wakapata mlango wa nyuma. Mwisho wa msimu wa kwanza, Manju Devi anajifunza wimbo wa taifa ili aupandishe bendera mwenyewe, na kuanzia hapo anaanza kukikalia kiti chake. Sisi tulikuwa na Naomi Shaban, aliyeiwakilisha Taveta bungeni tangu 2002 hadi 2022, na hakuna aliyeuliza mumewe anasemaje. Lakini katika kamati zetu za maji na za shule, je, mweka hazina mwanamke ndiye anayeshika daftari?

Sasa njia ya halali. Pakua programu ya Prime Video kwenye simu au runinga, fungua akaunti, lipa ada ya mwezi kwa kadi ya Visa au Mastercard. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inayompa nambari ya Visa ya kulipia ng'ambo. Lugha ni Kihindi, maandishi ya tafsiri ni ya Kiingereza. Video ya ubora wa kawaida hula takriban gigabaiti moja kwa saa, kwa hiyo punguza ubora, au pakua sehemu ndani ya programu ukiwa penye wai-fai, kisha utazame nyumbani bila kugusa bando. Asiyeweza kulipa ana halali nyingine ya bure: KBC huweka Vioja Mahakamani kwenye chaneli yake ya YouTube.

Kuhusu sheria, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 chini ya bodi ya KECOBO, na tangu 1993 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, hivyo kazi ya Mhindi inalindwa hapa kama yetu. Marekebisho ya 2019 yanamwezesha mwenye kazi kudai nakala za wizi ziondolewe mtandaoni. Kuhusu dini, mimi si mufti, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba haki za uandishi na ubunifu ni mali ya wenyewe, na haifai kuzivamia. Haki ya mtu haipungui uzito kwa kuwa imo ndani ya flashi.

Kijana wa duka simlaumu sana. Anatafuta riziki, na wateja ni sisi. Ila tujue hasara inaturudia. Kisa cha simba wa Tsavo, kilichotokea hapa jirani wakati wa kujenga reli, kilifanywa filamu mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, lakini walipigia picha Afrika Kusini. Siku kijana wa Mwatate akiandika vichekesho vya chifu, ndovu waliomaliza mahindi na bomba la Mzima linalotupita kwenda Mombasa, atahitaji watazamaji waliokwisha kuzoea kulipa. Tukimpokea kwa flashi, atafunga kazi kabla ya msimu wa pili.

Flashi yangu nimeifuta. Panchayat tumeianza upya nyumbani, sehemu moja kila usiku baada ya Isha, na binti yangu ndiye anayetutafsiria. Sehemu ya saba nimeiona hatimaye.