Jirani Kuongea Kupitia Ng'ambo

Mabroo, mwaka 2000 ukituma imeili Mombasa kwenda Nairobi, na mko kampuni tofauti za intaneti, ilirushwa kwa setilaiti mpaka ng'ambo ndio irudi Kenya. Pesa zinaliwa bure! Novemba hiyo makampuni yakafungua kituo cha kubadilishana data hapa hapa, KIXP. Telkom, wenye ukiritimba, wakalalamika. Desemba tume ya mawasiliano ikakizima, kikarudi Februari 2002.

Sasa ingia ndani ya klaudi binafsi ya OpenStack. Ujinga ni ule ule. Mashine pepe mbili zinakaa nodi moja ya kompyuti, lakini kwa sababu mitandao yao midogo ni tofauti, pakiti zinatoka hadi nodi ya mtandao halafu zinarudi. Hiyo ikizima, kwisha. Toleo la Juno, 2014, likaleta DVR: ruta inakaa kwenye nodi yenyewe. Ndio maana ukiandaa nodi ya DVR unawasha ajenti ya L3 humo humo, na unaipa nodi waya wake wa kutoka nje.

Vijana wa Junju wanakesha kuhariri video. Hii ya ruta, mbona tunawaachia watu wa Nairobi?