Wanafunzi wa Bian Zhongyun

Katika tamthilia za kusisimua za televisheni, mwanafunzi anayerudi kumwandama mwalimu wake wa zamani huwa na sababu. Alifelishwa, alifukuzwa shule, au alidhalilishwa mbele ya wenzake. Sehemu ya mwisho ikifika, kisasi kina jina na sura, nasi tunalala.

Kisa cha Bian Zhongyun hakitupi nafuu hiyo. Alikuwa makamu mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana jijini Beijing, walikosoma mabinti wa vigogo wa China. Tarehe 5 Agosti 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yakiwa ndiyo kwanza yanapamba moto, wanafunzi wake walimpiga kwa saa kadhaa hapohapo shuleni, pamoja na viongozi wenzake wanne. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alifariki siku hiyohiyo, akiwa na miaka 50.

Kosa lake? Miezi michache kabla, baada ya tetemeko la ardhi kaskazini mwa China, wanafunzi walifundishwa namna ya kujiokoa. Mmoja aliuliza kama waibebe na picha ya Mwenyekiti Mao iliyo darasani. Bian akawahimiza wakimbilie nje, mahali pa wazi. Jibu hilo likageuzwa kuwa ushahidi kwamba anampinga Mao.

Msichana wa miaka 16 hahitaji kinyongo cha muda mrefu ili ampige mwalimu wake. Wale wa Beijing waliazimwa kinyongo na dola. Magazeti, redio na mabango ya ukutani yaliwaambia kwamba adui yumo shuleni, nao wakamtafuta aliye karibu.

Mume wa Bian, Wang Jingyao, alinunua kamera akaupiga picha mwili wa mkewe. Nguo zenye damu alizihifadhi kwa miongo kadhaa. Hakuna aliyehukumiwa.

Januari 2014, Song Binbin, mmoja wa waliokuwa viongozi wa wanafunzi hao, aliinama mbele ya sanamu ya Bian shuleni hapo, akaomba radhi kwa kushindwa kuwalinda walimu wake. Hakukiri kumpiga yeyote, wala hakutaja waliopiga. Wang, wakati huo mzee wa zaidi ya miaka 90, aliikataa radhi hiyo. Alisema hataipokea mpaka ukweli wa siku ile uwekwe wazi.