Visiwa vya St Kilda: Ndege, Stima na Lugha Iliyohamishwa

Katika toleo hili tumeona tuwapeleke wasomaji wetu mbali kidogo na Afrika Mashariki, hadi katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Uskoti. Huko, yapata kilomita 64 kutoka kisiwa cha North Uist, kuna kikundi cha visiwa vidogo kiitwacho St Kilda. Kisiwa kikubwa ni Hirta. Vingine ni Soay, Boreray na Dùn, pamoja na majabali mawili yaliyochomoza baharini, Stac Lee na Stac an Armin. Hili la pili lina urefu wa mita 196. Hakuna tena mwenyeji aishiye huko daima. Wafikao ni wafanyakazi wa kambi ya jeshi, watafiti, na watalii wanaosafiri kwa meli ndogo wakati wa kiangazi. Hao nao mara nyingine hurudi bila kukanyaga nchi kavu, kwa kuwa ghuba inayofaa kushukia ni moja tu, na bahari ikichafuka hakuna la kufanya.

Msomaji anaweza kuuliza idara ya Kiswahili ina haja gani na visiwa hivyo. Tuanze na majina.

Kwanza, hakuna mtakatifu aliyewahi kuitwa Kilda. Wataalamu wametoa maelezo mbalimbali juu ya asili ya jina hilo, na tunalolipendelea sisi linahusu kisima kimoja cha Hirta kiitwacho Tobar Childa. Neno "tobar" ni la Kigaeli, maana yake kisima. "Childa" linadhaniwa kutokana na "kelda" la Kinorsi cha kale, lugha ya mabaharia wa Skandinavia waliofika sehemu hizo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na maana yake ni kisima vilevile. Kwa hiyo Tobar Childa ni "kisima kisima". Yaelekea wageni walilisikia neno hilo, wakalidhania kuwa jina la mahali, na wachora ramani wakaliongezea utakatifu. Wanafunzi wetu wasicheke upesi. Sisi husema "Ziwa Nyasa" bila kusita, ilhali "nyasa" lenyewe maana yake ni ziwa.

Majina mengine nayo yamebeba historia. Soay ni Kinorsi, "kisiwa cha kondoo", na kondoo wadogo wa asili ya kale wangali wapo. Boreray ni "kisiwa cha ngome", na Dùn ni "ngome" kwa Kigaeli. Hirta hujitokeza katika maandishi ya Kiaislandi yanayohusu mwaka 1202, likiwa katika umbo la "Hirtir". Hata jina la ndege aitwaye "fulmar" kwa Kiingereza linatokana na Kinorsi, kwa maana ya shakwe anayenuka, nalo liliingia katika vitabu vya Kiingereza kwa kupitia visiwa hivihivi. Jina limemfaa, kwani akisumbuliwa humtemea adui mafuta yenye harufu mbaya.

Aliyeliandika jina hilo ni Martin Martin, aliyefika Hirta mwaka 1697 na kuchapisha kitabu chake mwaka uliofuata. Alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Skye, na Kigaeli kilikuwa lugha yake ya kwanza. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu kitabu chake kinawapita wengi waliomfuata: aliwauliza watu maswali akaelewa majibu. Aliwakuta wakazi wapatao 180. Waliishi kwa kondoo, shayiri kidogo, na zaidi ya yote ndege. Wanaume walishuka majabalini kwa kamba kuwakamata fulma, pafini, na ganeti, ndege mkubwa mweupe anayejitupa baharini kama mkuki. Nyama ililiwa, mafuta yakawashia taa, na manyoya yakalipia kodi ya mwenye ardhi, yaani chifu wa ukoo wa MacLeod. Ili nyama isioze walijenga vibanda vya mawe vyenye kupitisha upepo, viitwavyo "cleit". Katika Hirta pekee vimehesabiwa zaidi ya 1,200. Magofu mengine ni ya zamani zaidi: kuna handaki lililojengwa kwa mawe yapata miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 2011 wataalamu walitambua mabaki ya mashamba ya kale huko Boreray, mahali ambapo hata kusimama ni kazi.

Maisha hayo hayakuwa mepesi. Mwaka 1727 ndui iliwaangamiza wengi kiasi kwamba wanaume 3 na wavulana 8 waliokuwa wamepelekwa Stac an Armin kukamata ndege walikosa mtu wa kuwafuata. Walikaa juu ya jabali hadi Mei 1728. Katika karne ya 19 watoto wachanga wengi walikufa kwa pepopunda. Mwaka 1852 watu 36 walihamia Australia, na karibu nusu yao walifia njiani.

Kuanzia mwaka 1877 stima iitwayo Dunara Castle ilianza kuleta watalii wakati wa kiangazi. Wenyeji waliwauzia soksi, vitambaa vya sufu na mayai ya ndege. Wako wanaosema kwamba watalii ndio waliokiua kisiwa. Sisi tunaona hoja hiyo ni rahisi mno, kwani magonjwa na uchache wa vijana vilikuwa na uzito zaidi. Hata hivyo, abiria wale waliandika mengi kuhusu watu ambao hawakuweza kuzungumza nao, na mengi kati ya hayo bado yananukuliwa kama ushahidi.

Shule nayo ilifundisha kwa Kiingereza. Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 haikukipa Kigaeli nafasi yoyote. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi hapa Uganda, tukakijua kile kibao kilichovalishwa shingoni mwa aliyesema lugha ya nyumbani, hatuhitaji maelezo marefu.

Kufikia mwaka 1928 walibaki watu 37. Mei 1930 wakazi 20 walitia saini ombi kwa serikali la kuhamishwa, ombi lililoandikwa kwa Kiingereza. Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliobaki walipanda meli ya kivita HMS Harebell. Inasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia na kichungu cha shayiri. Baadhi ya wanaume walipewa kazi ya misitu, wao waliokulia mahali pasipo na mti hata mmoja.

Wasomaji watakumbuka visiwa vyetu vya Ssese, ambavyo wakazi wake waliondolewa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya malale. Tofauti ni kwamba Wassese waliruhusiwa kurudi baadaye, na lugha ikarudi pamoja nao. Watu wa Hirta walitawanyika miongoni mwa wasemaji wa lahaja nyingine na wa Kiingereza, na lahaja yao ikakosa mahali pa kusemewa. Bahati nzuri baadhi yao walirekodiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, na sauti zao zinasikika leo katika hifadhi iitwayo Tobar an Dualchais, "Kisima cha Urithi".

UNESCO iliviorodhesha visiwa hivyo mwaka 1986 kwa ajili ya maumbile yake. Utamaduni wa watu wake uliongezwa mwaka 2005. Rachel Johnson, aliyeondoka Hirta akiwa na umri wa miaka 8, alikuwa wa mwisho kati ya wale 36. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 93.