Ibn Rushd kati ya Chuo na Misheni: Kasongo na Kabambare

Uislamu wa Kasongo na Kabambare, miji ya Maniema mashariki mwa Kongo, ulifika na misafara iliyotoka pwani kupitia Ujiji kutafuta pembe za ndovu na watumwa, ukakita mizizi katika miaka ya 1870 pale Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alipoifanya Kasongo kitovu cha biashara yake. Usomi wa chuoni, yaani wa shule ya Kurani, ulioandamana na misafara hiyo haufuti dhuluma waliyotendewa waliofungwa minyororo, lakini ulikuwa usomi wa kweli, wenye misingi ya Kurani na fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, kwa madhehebu ya Shafi.

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold II, yaliiteka Kasongo mwezi Aprili 1893 na Kabambare Januari 1894, kisha wakaja Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki. Na kwa kuwa vita vile vilitangazwa Ulaya kuwa ni vya kuwapiga Waarabu, Uislamu na Ukatoliki vilichorwa kana kwamba havikuwahi kuwa na lolote la pamoja. Picha hiyo ni ya uongo. Tangu 1879 Papa Leo XIII alikuwa ameagiza falsafa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino (1225–1274) iongoze masomo ya mapadre, na Thoma huyo alikuwa amewasoma kwa Kilatini wanafalsafa Waislamu Ibn Sina (980–1037) na Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198). Kwa Ibn Sina alipata tofauti kati ya dhati ya kitu, yaani kile kinachokifanya kiwe kilivyo, na kuwapo kwake. Kwa Ibn Rushd alipata ufafanuzi wa Aristotle, aliouheshimu hata akamwita Mfafanuzi, mara nyingi bila kumtaja jina, ingawa alipinga vikali rai yake kwamba akili ni moja kwa wanadamu wote. Mshairi Dante aliwaweka wanafalsafa hao wawili pamoja na wenye hekima wa kale, na katika mchoro wa Raphael uliomo Vatikani, wa miaka ya 1509 hadi 1511, mtu mwenye kilemba hutambuliwa kwa kawaida kuwa Ibn Rushd.

Katika vyuo vya Kisunni, kwa upande mwingine, aliyesikilizwa zaidi ni al-Ghazali (aliyefariki 1111), mwanazuoni wa Kishafi aliyewakosoa wanafalsafa huku akiikubali mantiki yao, na ambaye Ibn Rushd alimjibu kwa kitabu kizima. Kwa hiyo padre aliyefika Maniema huenda alibeba falsafa ya Ibn Rushd zaidi kuliko mwalimu wa Kurani aliyemkuta huko. Ili kuirekebisha picha ile ya uongo, walimu wa shule za Kikatoliki na za Kiislamu za Kasongo na Kabambare wawafundishe Thoma na Ibn Rushd katika somo moja.