Galaxy: Kila Hatua Kwenye Kumbukumbu

Rasimu ya jenomu ya binadamu ilipochapishwa mwaka 2001, herufi zipatazo bilioni 3 za DNA ziliwekwa hadharani, bure kwa yeyote. Lakini wanabiolojia wengi walikuwa kama watu waliopewa ghala la nafaka lisilo na mlango. Kuzichambua herufi hizo kulimtaka mtu ajue kuandika programu, aizoee skrini nyeusi ya kuchapa amri, na awe na kompyuta yenye nguvu. Bingwa wa kushika pipeti alilazimika kumbembeleza kijana wa kompyuta. Kijana akaandika programu ya mkupuo mmoja, akaiendesha, kisha akahamia kazi nyingine, na maelezo ya namna takwimu zilivyopatikana yakaondoka naye.

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kundi la watafiti liliamua kulitobolea ghala hilo mlango kwa kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho tayari: kivinjari cha intaneti. Miongoni mwao walikuwamo mwanabiolojia Anton Nekrutenko na James Taylor, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Mwaka 2005 waliutangaza mfumo wao, Galaxy, katika jarida la Genome Research. Mwanzoni uwezo wake ulikuwa wa kiasi tu: kuchukua orodha za maeneo ya jenomu kutoka hifadhi kama ile ya chuo kikuu cha UCSC kule California, kisha kuziunganisha, kuzitoa au kutafuta zinapokutana. Kompyuta ya mtafiti ilituma maagizo tu. Kazi nzito ilifanywa na seva ya mbali.

Ukifungua Galaxy leo, zana ziko kushoto, katikati kuna fomu ya kujaza, na kulia kuna safu inayoitwa historia. Kila kazi unayoiagiza huongezeka hapo kama kisanduku: kijivu ikisubiri foleni, manjano ikiwa inaendelea, kijani ikimalizika, nyekundu ikishindikana. Kisanduku huhifadhi zana iliyotumika, toleo lake na kila kipimo ulichokijaza.

Somo la kwanza la wanafunzi wengi wa Galaxy lilikuwa swali moja: katika kromosomu ya 22, ni eksoni ipi, yaani kipande cha jeni kinachobaki katika ujumbe wa mwisho, yenye tofauti nyingi zaidi za herufi mojamoja kati ya watu? Unavuta jedwali la eksoni, unavuta jedwali la tofauti hizo, unayaoanisha kwa mahali yalipo, unahesabu, unapanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Kisha unauambia mfumo uigeuze historia hiyo kuwa mtiririko wa kazi, na data nyingine yoyote itapitishwa humo bila kuanza upya.

Wengi huisifu Galaxy kwa wepesi wake. Mimi naona safu ile ya kulia ndiyo iliyokuwa na uzito. Mwaka 2009, jarida la Nature Genetics lilichapisha jaribio la kurudia uchambuzi wa makala 18 za awali kuhusu utendaji wa jeni, na ni mbili tu zilizorudiwa kimsingi. Data nyingine hazikupatikana. Kwingineko hatua za uchambuzi hazikuelezwa vya kutosha. Hakuhitajika mwongo ili hasara hiyo itokee, kusahau tu kulitosha.

Mwaka huohuo kundi la Galaxy lilitoa makala yenye utani kidogo. Walikusanya masalia ya wadudu waliogonga kioo cha mbele cha gari katika safari mbili, wakasoma DNA yake na kutambua viumbe waliokuwamo. Si wadudu waliowashughulisha zaidi. Msomaji aliweza kuufungua uchambuzi wenyewe kwenye kivinjari, akaukagua hatua kwa hatua na kuuendesha mwenyewe.

Waliozoea kuchapa amri hawakukosa la kusema, na hawakukosea kabisa. Kubofya fomu kwa sampuli mia kunachosha. Ndiyo maana baadaye iliongezwa njia ya kuzikusanya faili na kuziagizia kazi zote kwa pamoja. Hofu nyingine ingalipo: rangi ya kijani haimaanishi kwamba jibu ni sahihi, inamaanisha tu kwamba programu haikukwama.

Mapema mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoanza kuenea, kundi hilo lilichambua upya data za kwanza za virusi na kuweka kila hatua wazi, likilalamika kwamba data ghafi zilizotolewa kwa umma zilikuwa chache mno. Taylor, wakati huo profesa wa Johns Hopkins, alifariki dunia Aprili mwaka huo.

Kwa sasa kuna seva kubwa za umma Marekani, Freiburg nchini Ujerumani, na Australia. Kwa Afrika Mashariki kikwazo kimehama: kivinjari kipo hata kwenye kompyuta hafifu, ila kupakia faili za gigabaiti kadhaa kwa intaneti ya kusuasua kunaweza kula usiku kucha. Chuo chenye seva yake hakilazimiki kuzituma ng'ambo, maana msimbo wa Galaxy uko wazi na unasimikwa bila leseni ya kulipia.