Kompyuta za Harvard na siri ya nyota

Leo siandiki habari za programu. Nataka tuzungumze kuhusu kompyuta, lakini zile za miaka ya 1880, ambazo zilikuwa watu. Ndiyo, watu wenyewe!

Kwanza tuelewane kidogo. Mwanga wa Jua ukipita kwenye kioo chenye pembe tatu hugawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1814 fundi wa vioo Mjerumani, Joseph Fraunhofer, aliona rangi hizo zimekatwakatwa na mistari myeusi, akahesabu zaidi ya 570. Mistari ya nini? Jibu lilipatikana mwaka 1859 mjini Heidelberg, pale Kirchhoff na Bunsen walipoonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole. Mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alikuwa ameshatangaza mwaka 1835 kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeundwa na nini. Alifariki mwaka 1857. Angengoja kidogo tu!

Sasa twende Harvard, Marekani. Kituo chao cha kutazama nyota kilikuwa na maelfu ya picha za spektra kwenye vipande vya kioo, na waliozisoma ni wanawake walioajiriwa kwa senti 25 hadi 50 kwa saa. Kazi yao iliitwa "kompyuta". Mmoja wao, Annie Jump Cannon, alipanga nyota kama 350,000 katika makundi ya herufi O, B, A, F, G, K na M, kwa macho yake mwenyewe. Wewe unayelalamika kuingiza rekodi mia mbili kwenye hifadhidata, hebu fikiria hilo.

Lakini mpango huo wa herufi ulimaanisha nini? Hapo ndipo anaingia Cecilia Payne, msichana Mwingereza aliyesoma Cambridge, chuo ambacho hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Alihamia Harvard mwaka 1923, akachukua hesabu za Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, akazitumia kwenye vile vioo.

Hesabu za Saha zinasema mistari haionyeshi wingi peke yake. Inaonyesha pia joto. Uso wa Jua una joto la nyuzi kama 5,500 za Selsiasi. Kwa joto hilo kalsiamu kidogo tu huchora mistari minene, ilhali haidrojeni tele huchora myembamba. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili: programu inayojaza faili ya logi siyo lazima iwe ndiyo inayokula kumbukumbu yote.

Payne alipopiga hesabu upya, haidrojeni ikatokea kuwa karibu mara milioni moja kuliko metali. Wakati huo wakubwa wa fani waliamini Jua limeundwa na vitu vile vile vya Dunia, kwa viwango vinavyokaribiana. Henry Norris Russell wa Princeton akamwandikia kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwa hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1925 Payne akaandika kwamba kiwango hicho karibu kwa hakika si cha kweli. Alikuwa na miaka 25, na neno la Russell lingeweza kuua kazi yake. Mimi simlaumu hata kidogo.

Mwaka 1929 Russell, kwa njia nyingine, akafikia jibu lile lile. Alimtaja Payne, lakini kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye. Masomo aliyofundisha Payne hayakuorodheshwa katika kitabu cha kozi cha Harvard hadi mwaka 1945, na uprofesa kamili aliupata mwaka 1956.

Bila jibu lake tusingeelewa nyota zinavyozaliwa. Mawingu ya Orion, chini ya zile nyota tatu zilizopangana mstari, ni haidrojeni hasa. Yanajikunja kwa uzito wake mpaka katikati pawake. Na nyota kama Jua ikiwa bado changa, spektra humtambulisha: mstari wa lithiamu huonekana wazi, kwa sababu lithiamu huteketea mapema, kwenye joto la nyuzi milioni mbili na nusu hivi. Wanaastronomia wakitafuta nyota zilizozaliwa karibuni, mstari huo ni miongoni mwa vitu wanavyoangalia kwanza.